Orodha ya wanasayansi wa "asilimia 2": haiombwi wala hailipiwi

Kila orodha ya wanasayansi wanaonukuliwa zaidi duniani, yaani ambao makala zao hutajwa zaidi na watafiti wengine, inapotolewa, malalamiko huongezeka kwenye dawati letu la huduma za utafiti, hapa maktaba ya chuo jijini Nairobi. Wapo wanaouliza kwa nini majina yao hayamo. Wapo pia waliopokea barua pepe ya kuwataka walipe ada ili wapewe cheti, na baadhi yao wameshalipa. Orodha hiyo, iitwayo ya "asilimia 2", haina fomu ya maombi, haina ada na haina cheti. Anayekudai pesa kwa jina lake, usimtumie hata shilingi.

Orodha hiyo huandaliwa na Profesa John Ioannidis wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wenzake, kwa kutumia data ya Scopus, hifadhidata ya makala za kitaaluma ya kampuni ya Elsevier. Ilianza kuchapishwa mwaka 2019. Si tuzo ya Stanford. Tumelisema hili katika semina baada ya semina, na bado mabango ya pongezi yanatundikwa kwamba fulani "ameteuliwa na Stanford". Hakuna kamati iliyoketi ikamteua mtu. Ni hesabu iliyopigwa kwa kompyuta.

Hesabu yenyewe ina vipimo sita, vinavyounganishwa kuwa alama moja. Cha kwanza ni jumla ya mara ulizonukuliwa. Cha pili ni kipimo cha h, kilichobuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Chukua mhadhiri mwenye makala sita, zilizonukuliwa mara 50, 18, 9, 4, 3 na 1. Makala zake nne zimenukuliwa angalau mara nne kila moja, lakini hana tano zilizofikia mara tano. Basi h yake ni 4, na zile nukuu 50 za makala ya kwanza hazimwongezei kitu hapo. Cha tatu ni h iliyorekebishwa, ambapo makala yenye waandishi wengi hugawanywa kati yao. Vitatu vilivyobaki vinatazama nafasi yako: nukuu za makala ulizoandika peke yako, kisha za peke yako au ukiwa mwandishi wa kwanza, kisha hizo pamoja na zile ulizokuwa mwandishi wa mwisho.

Hapo ndipo watafiti wetu wengi wanapokwama. Mtu aliyekusanya sampuli za malaria miaka kumi, jina lake likawekwa la 17 kati ya waandishi 40, hapati chochote katika vipimo hivyo vitatu. Hatuoni haki hapo, na tunashauri nafasi za waandishi zijadiliwe kabla utafiti haujaanza, si siku ya kutuma makala kwa jarida.

Anayeingia ni aliye ndani ya 100,000 wa juu duniani, au ndani ya asilimia 2 ya juu ya taaluma yake ndogo. Taaluma hizo ni 174. Kwa hiyo si asilimia 2 ya Wakenya. Kuna jedwali la maisha yote ya kazi na jingine la mwaka mmoja, na alama hutolewa pamoja na nukuu za kujinukuu na pia bila hizo. Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta makala, haihusiki kabisa, tafadhali msituletee takwimu zake. Vitabu vya Kiswahili na majarida mengi ya humu nchini hayamo Scopus, na hivyo mwanaisimu hodari anaweza kukosekana bila kosa lake. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililoanzishwa mwaka 2012, lilikwisha kuonya dhidi ya kumpima mtafiti kwa alama za jarida alilochapisha. Waajiri wangelisoma.

Kosa tunalolirekebisha kila siku ni la majina. Mwanamke alichapisha kwa jina la baba yake, akaolewa, akaongeza la mume. Scopus ikampa wasifu mbili, na kila mmoja una nusu ya nukuu zake. Tafuta jina lako kwa kila namna lilivyowahi kuandikwa, ukihesabu na ile ambapo jina la ukoo lilitangulia. Kisha omba wasifu ziunganishwe kupitia huduma ya Scopus ya marekebisho ya waandishi. Makala isiyo yako iondoe, hata kama inakupandisha. Jisajili ORCID, mfumo wa kimataifa wa namba za kuwatambulisha watafiti, upate namba yako ya tarakimu 16, bila malipo, na uiweke katika kila makala unayotuma.

Kuhusu adhabu, tusifichane. Clarivate, kampuni yenye orodha yake tofauti ya watafiti wanaonukuliwa zaidi, iliwaengua zaidi ya watu 2,000 mwaka 2024 walipokuwa tayari miongoni mwa waliopendekezwa, kwa mashaka kuhusu namna walivyochapisha na kunukuliwa. Orodha ya Ioannidis nayo sasa inaonyesha makala za mtu zilizobatilishwa. Wale wanaokubaliana "ninukuu nikunukuu", na wahariri wanaomlazimisha mwandishi alinukuu jarida lao, wajue kwamba mtindo huo huonekana wazi katika data. Jarida linaloshiriki huweza kuondolewa katika hifadhidata.

Anayehitaji msaada wa wasifu afike na orodha kamili ya makala zake na namba ya ORCID. Toleo lililokwisha kuchapishwa halibadilishwi. Marekebisho yako yataonekana katika toleo litakalofuata.