Ziwa halina chumvi, na bado mashine yako inashika kutu

Kila mbalamwezi inapowapumzisha wavuvi wa dagaa na mashine za boti kupandishwa mabandani, kuanzia Igombe hadi Kayenze kwenye Ziwa Victoria, kauli ni ile ile: "Fundi, hili ni ziwa, si bahari. Maji baridi hayali chuma." Nimechoka kuijibu kwa mdomo.

Chuma kinataka maji na oksijeni tu ili kishike kutu. Chumvi inaharakisha kazi, haianzishi. Tena maji yanayomaliza mashine ya 2T (ile ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli) iliyolala mara nyingi hata hayatoki ziwani. Yanatoka kwenye mashine yenyewe. Petroli ikiungua inazaa maji: lita moja ya petroli inatoa karibu lita nzima ya maji, yakiwa mvuke. Mashine ikiwa ya moto, mvuke unaondoka na moshi. Ikiwa ya baridi, unageuka matone kwenye silinda, kwenye ringi, na kwenye beringi za krenki, ambazo hazina oili nyingine zaidi ya ile iliyokuja na petroli.

Sasa mnaelewa kwa nini dawa ya "iwashe dakika mbili kila wiki" inanikera. Umetengeneza maji, umezima kabla hayajatoka, na wiki ijayo unaongeza mengine. Ukiwa umeiwasha nchi kavu ndiyo balaa zaidi, maana impela, yaani feni ya ndani ya pampu ya maji ya kupozea, ni ya mpira na inaharibika ndani ya sekunde chache. Ama iendeshe dakika kumi hadi kumi na tano ndani ya pipa la maji, ipate moto kweli, ama iache ilale.

Namna ya kuilaza. Pipa lijae hadi maji yapite bamba lililo juu ya propela, gia ikiwa fri. Tumia petroli mpya kwa uwiano wa 1 kwa 50, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20, isipokuwa kitabu cha mashine yako kinasema vingine. Ikishapata moto, chomoa paipu ya mafuta.

Hapa ndipo mafundi tunapobishana. Kukausha kabureta hivyo kunazuia utomvu wa petroli iliyokaa usizibe jeti, yaani tundu la kupitishia mafuta, sawa, lakini petroli hiyo ndiyo iliyobeba oili, kwa hiyo mizunguko ya mwisho inakwenda karibu kavu. Mimi sisubiri izime yenyewe. Ikianza kukohoa, napulizia oili ya 2T mdomoni mwa kabureta mpaka moshi uwe mzito na mashine ife. Siwezi kuapa kwamba beringi ya chini inapata sawa na ya juu, hasa mashine ikiwa na kabureta moja. Lakini ni afadhali kuliko kuiacha kavu.

Fungua skrubu ya bakuli la kabureta, mwaga kilichobaki. Vua plagi, tia vijiko viwili vya chai vya oili ya 2T kila silinda, chomoa kamba ya swichi ya kuzimia, vuta stata polepole mara tano au sita, rudisha plagi. Oili chafu ya gari usiitie ndani hata kidogo: imebeba asidi na unyevu, yaani vile vile unavyovikimbia.

Isimamishe wima ili maji ya njia za kupozea na ekzosi yashuke. Ikibidi kulala, kichwa kiwe juu kuliko propela. Wanaoinua propela juu ya tofali wanayatiririsha maji ya ekzosi moja kwa moja hadi kwenye silinda.

Halafu hiyo nailoni mnayoifungia mashine! Bati la banda linapoa usiku, hewa uliyoifungia inaacha umande kwenye chuma. Mchana inapata joto, usiku inarudia. Umeifunika kama sufuria ya wali. Weka turubai juu kuzuia mvua na vumbi, chini pabaki wazi, hewa ipite.

Geaboksi: fungua skrubu ya chini kisha ya juu. Oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Badilisha sili, mipira ya kuzuia maji, kabla ya kuihifadhi, si baada. Jaza mpya kwa kusukumia chini mpaka itokee juu.

Maji baridi yana tofauti moja ya kweli: anodi ya zinki, kile kipande kinacholiwa ili mashine isiliwe, humo hujivika ngozi na kuacha kazi. Ulizia ya magnesi.

Siku ya kuirudisha ziwani itatoa moshi mwingi na plagi zitalowa oili. Beba plagi za akiba, na mwambie tajiri mapema asije akadhani umeiua.