Kabla hujapewa kipande, jua kilipandwa nini

Kila ifikapo Septemba, ofisi ya shamba huwa haikauki watu. Mwalimu anataka robo eka ya kujaribu mbegu za mtama, mwanafunzi wa uzamili anatafuta mahali pa kupima mbolea, mwingine ana mradi wa alizeti na wafadhili wanamsubiri. Karibu wote huanza hivi: "Meneja, mna eneo?" Eneo lipo. Mimi huwauliza: utafiti wako unahitaji udongo uliopitia nini? Kusimamia shamba la chuo hapa Dodoma, kwa namna ninavyoielewa kazi hii, ni kutunza kumbukumbu za ardhi kwanza, kulima baadaye.

Mkulima akivuna magunia mengi upande mmoja na machache upande wa pili, anajumlisha, maisha yanaendelea. Mtafiti hana ruhusa hiyo. Akipanda mbegu moja penye rutuba na nyingine pale palipochoka, takwimu zitasifia mbegu wakati sifa ni ya udongo, na mwaka unaofuata mkulima wa Bahi au Chamwino atashauriwa vibaya. Ndiyo maana jaribio hugawanywa katika vitalu, kila kitalu kikabeba mbegu zote zinazoshindanishwa, nafasi ya kila mbegu ikapatikana kwa kura, na zoezi zima likarudiwa mara 3 au 4. Kila kitalu tunakilaza kukata mteremko, kwa sababu mvua ya hapa inapiga kwa nguvu, inashusha udongo laini, na ploti za chini hushiba kuliko za juu. Mistari ya pembeni tunaipanda lakini hatuipimi.

Hayo yamo kwenye vitabu. Kisichokuwamo ni mahame, yaani makazi yaliyoachwa. Ardhi kubwa ya mkoa huu iliwahi kukaliwa na watu ambao miaka ya 1970 walihamishiwa vijiji vya ujamaa. Mgogo ni mkulima na mfugaji, na penye kaya palikuwa na zizi. Samadi iliyorundikana hapo kwa miaka mingi bado inalisha mimea, ingawa juu huoni kitu zaidi ya kichanga chekundu kama kilichopo pembeni. Kwa hiyo kabla ya kuchora ramani ya shamba, pamoja na kupeleka sampuli za udongo maabara, nilikwenda kukaa na wazee wa jirani. Mmoja alinitembeza kwa fimbo yake: "Mwanangu, hapa lilikuwa zizi la baba. Pale mlipoweka vigingi, wanawake walikuwa wanatwangia." Maeneo hayo yote sasa yamepigwa mstari kwenye ramani, pamoja na vichuguu vilivyosawazishwa na trekta. Hatuyapangii jaribio la mbolea hata mwombaji abembeleze vipi.

Na sisi wenyewe tunaacha mahame yetu. Januari moja tulipanda mtama wa aina moja, nafasi moja, bila mbolea, kwenye eneo lililomaliza jaribio la fosforasi. Wiki ya tano baada ya kuota, ukisimama juu ya tela unaiona ramani yote ya yule mtafiti aliyeondoka: mistatili ya kijani kilichoiva, pembeni yake mistatili ya mimea midogo yenye rangi ya zambarau kwenye majani ya chini, mipaka imenyooka kama iliyochorwa kwa rula. Nitrojeni huliwa au huoshwa mapema. Fosforasi hukaa udongoni misimu kadhaa. Sasa ni sheria: jaribio la mbolea likiisha, kipande kinapandwa zao la kusawazisha, nasi tunatembea tukipima mpaka mistatili ipotee. Mwalimu mwenye haraka hukasirika. Namwelewa, ila simpi.

Hivyo kila kipande kina ukurasa wake kwenye daftari la shamba: zao, mbegu, tarehe ya kupanda, mbolea na kiasi chake, dawa zilizopulizwa, nani alipalilia na lini, trekta ipi iliingia. Kipima mvua kinasomwa saa 3 asubuhi kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Dodoma hupata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi Februari mvua hukatika wakati mtama unapoihitaji sana. Mavuno ya jaribio bila tarehe za ukame huo hayamwambii mtu kitu.

Trekta inaandikwa kwa sababu ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Mmea mmoja wa gugu hili hutoa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, zinazoweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri mzizi wa mtama au mahindi. Zinasafiri kwenye udongo ulioganda kwenye visahani vya jembe. Trekta ya kukodi haivuki geti letu kabla visahani havijakwanguliwa na kuoshwa, hata kama mwenyewe anadai kwa saa. Tuna kipande kimoja chenye kiduha tunachokitunza kwa makusudi, kwa ajili ya kupima mbegu zinazokistahimili. Kina jembe lake la mkono, na jembe hilo halitoki.

Upande wa kufundisha una ugumu wa aina nyingine. Anayejifunza kupalilia lazima ang'oe mtama akidhani ni majani. Asipong'oa leo atang'oa akiwa bwana shamba. Kwa hiyo eneo la mafunzo na eneo la utafiti tumeyatenganisha kabisa. Kila kundi la wanafunzi lina kipande chake kuanzia kuandaa shamba hadi kupura. Tatizo ni ratiba. Mvua huanza Desemba wanafunzi wakikaribia mitihani, na likizo ya muhula huangukia wakati wa palizi ya pili au mtama ukitoa masuke. Tumezoea kuweka zamu za likizo, na wale wanaotoka Dodoma hubeba mzigo mkubwa kuliko wenzao, jambo lisilo la haki ambalo bado tunalitafutia dawa. Wengine hupangiwa kuchimba mashimo ya Chololo, mashimo madogo ya kupandia yanayokusanya maji ya mvua, yaliyopewa jina la kijiji chetu jirani, kwa kuwa mashimo huchimbwa kiangazi.

Mzabibu nao hausubiri kalenda, lakini unavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kila kundi hupata nafasi ya kushika mkasi wa kupogoa. Kuamia ndege ni kazi ya vibarua. Kweleakwelea wakishuka asubuhi moja bila mtu, msimu wa mtafiti umekwisha.

Watu huniuliza kwa nini tusilime eneo lote tukauza, chuo kipate hela. Nawaelekeza Kongwa, mkoa huu huu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kufyeka pori kwa ajili ya karanga, kwa mashine nyingi na majaribio machache mno. Mvua haikufuata mpango, na ule udongo wenye mfinyanzi ulipokauka ukawa mgumu kiasi kwamba karanga hazikung'oleka. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Vipande vichache vilivyolimwa na kuandikwa kwa misimu kadhaa vingeyaonyesha hayo mapema.

Shinikizo la sasa ni majengo. Tangu serikali ihamie Dodoma kuanzia 2016, kila eneo tambarare linatazamwa kama kiwanja, na ndani ya vyuo hivyo hivyo: mabweni yanahitajika kweli, sibishi. Ninachofanya ni kuwahi. Ramani yetu ya udongo nimeipeleka kwa wanaopanga majengo, nikaonyesha palipo na mwamba karibu na uso wa ardhi, ambapo msingi unasimama vizuri na mtama hausimami. Kwa vipande vyenye daftari refu zaidi, nimeomba viandikwe kwenye mpango kabambe wa chuo kama eneo la utafiti, pamoja na idadi ya misimu iliyokwisha kurekodiwa katika kila kimoja.