Cameron hakuturudishia machifu

Kila ikiibuka mada ya machifu, lazima atokee mtu wa kuandika kwamba Gavana Donald Cameron wa Tanganyika alituonea huruma akaturudishia machifu walioondolewa na Wajerumani. Wiki hii nimeikuta tena, safari hii kwenye maelezo ya kufundishia wanafunzi. Kazi yangu ni kusoma mafaili ya utawala wa Waingereza Tanganyika, na jambo hili nimechoka kulisahihisha kwa sentensi mojamoja.

Tuanze na mtu mwenyewe. Cameron alizaliwa 1872 Demerara, Guyana ya Waingereza, akasoma Dublin, kisha akaingia serikalini kwao kama karani. Akapelekwa Mauritius, kisha mwaka 1908 Nigeria, ambako alifanya kazi chini ya Lugard, gavana aliyesifika kwa kutawala kupitia watawala wa wenyeji, na kupanda hadi kuwa Katibu Mkuu wa Serikali. Hakuwahi kuwa bwana shauri, yaani ofisa wa serikali wa wilayani. Maisha yake yote yalikuwa makao makuu: faili, dokezo, bajeti. Alipokuja kuwa Gavana wa Tanganyika mwaka 1925, alikuja na utaratibu wa kutawala kupitia wakuu wa wenyeji, uliokwisha kutungwa kwa ajili ya watawala wa Kaskazini mwa Nigeria, watu wenye ikulu, makadhi, watoza kodi na daftari. Akaanza kuwatafuta watu wa namna hiyo hapa.

Mwaka 1926 ikatoka sheria ya mamlaka za wenyeji, nchi ikagawanywa majimbo 11, na mabwana shauri wakaagizwa wachunguze nani mtawala halali wa kila kabila. Maakida, wale watumishi waliowekwa na Wajerumani kusimamia vijiji, wengi wakaachishwa kazi. Fungueni Vitabu vya Wilaya, daftari za kumbukumbu za mabwana shauri, muone matokeo: koo zimeandikwa, nasaba zimechorwa kama mti, baba juu, wana chini, mstari umenyooka hadi kwa mtu anayesubiri kuteuliwa. Mstari ule ndio unaonitia mashaka. Mabishano ya ukoo mzima yamekatwa na ofisa mmoja aliyekaa na wazee kwa siku chache, wazee ambao wenyewe walijua wazi mshahara utamwangukia nani.

Sasa hilo neno "aliturudishia". Bukoba machifu hawakuondoka. Wajerumani walitawala kupitia kwao, na Kahigi wa Kihanja alinenepa kwa utawala huo. Uchagani vivyo hivyo, Marealle wa Marangu alikuwa kipenzi cha Wajerumani. Aliyerudishwa kweli ni kama Sapi, mwana wa Mkwawa, kule Uhehe; hapo neno linakaa na sina ubishi. Lakini nendeni Uluguru. Waluguru wanafuata ukoo wa mama, ardhi iko mikononi mwa ukoo, na hapakuwa na mtu mmoja mwenye amri juu ya milima yote. Serikali ilihitaji wa kumpa amri, kwa hiyo wakapatikana masultani. Serikali ilipoagiza kulima kwa matuta na masultani wakapitisha amri hiyo, mwaka 1955 watu wakawageukia wao. Kwa nini wawatii? Nani alikuwa amewapa amri hiyo?

Na hata pale chifu alipokuwa wa asili, kazi yake ilibadilishwa mpaka ndani. Zamani aliishi kwa alicholetewa na watu wake: mavuno, ng'ombe, siku za kazi shambani kwake. Cameron akaondoa tozo hizo, akaziingiza kwenye kodi ya serikali, na sehemu ya kodi ikarudi kwenye hazina ya wenyeji ambayo ndiyo iliyomlipa chifu. Kuanzia hapo mwenye uwezo wa kumwachisha kazi ni boma, yaani ofisi ya serikali ya wilaya. Chifu anayekula mshahara wa boma atamsikiliza nani? Ukielewa hili, hadithi nzima ya watu kuwageukia machifu miaka ya 1950 inafunguka, pamoja na urahisi ambao serikali ya uhuru ilifuta uchifu mwaka 1963.

Kuhusu Baraza la Kutunga Sheria nitasema kwa ufupi. Alilianzisha 1926, wajumbe wasio wa serikali wakiwa Wazungu watano na Wahindi wawili. Waafrika wa kwanza waliingia 1945.

Lakini siwezi kumaliza kwa kumponda, kwa sababu kuna upande unaonisumbua. Walowezi wa Kenya, wakiungwa mkono na gavana wao Grigg pamoja na Amery, Waziri wa Makoloni kule London, walitaka Afrika Mashariki iunganishwe. Cameron aliwapinga kwa nguvu, akishikilia kwamba Tanganyika ni nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa. Mwaka 1931 mpango ulikwama mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, na miongoni mwa waliotoa ushahidi London alikuwa Martin Kayamba, karani wa Kibondei kutoka Tanga. Hakuwa chifu! Alikuwa msomi wa ofisini, aina ile ya Mwafrika ambayo mfumo wa Cameron haukuwa umemtengea kiti.

Halafu Nigeria. Hapa Tanganyika, mwaka 1929, aliziondoa mahakama za wenyeji chini ya Mahakama Kuu na kuzikabidhi kwa maofisa utawala. Akarudi Nigeria kama Gavana mwaka 1931, na baada ya miaka miwili akafuta mahakama za majimbo zilizoendeshwa na maofisa utawala, akaweka Mahakama Kuu na mahakimu. Mtu yuleyule, pande mbili za hoja moja: mahakama ziwe chini ya majaji au chini ya maofisa utawala. Wanaomwita mfuasi sugu wa Lugard hawaligusi, na wanaomwita mkombozi wa machifu hawaligusi. Mimi nalisoma hivi: imani yake ya kwanza ilikuwa serikali inayopangika, na machifu walikuwa kifaa alichokiona kinafaa Tanganyika ya 1925. Anayetaka kunipinga aje na mafaili ya 1929, ndiyo yanayonipa taabu mimi mwenyewe.