Utamaduni katika darasa la mtandaoni

Walimu wenzangu wanaofundisha lugha kwa mbali hulalamikia zaidi mtandao kukatika. Mimi kinachonihangaisha ni kile kimya kifupi kinachofuata swali langu.

Mazungumzo ya ana kwa ana yana kasi ya ajabu. Utafiti wa lugha 10 uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba ukiuliza swali la ndiyo au hapana, jibu huanza, kwa wastani, takribani milisekunde 200 baada ya wewe kumaliza. Kwenye video, safari ya sauti kwenda na kurudi inaweza kuula muda huo wote kabla mwanafunzi hajafungua mdomo. Mwalimu anadhani hajaeleweka, anarudia swali; mwanafunzi naye ndiyo kwanza anaanza kujibu, sauti zinagongana, kila mmoja anamwomba mwenzake radhi. Mwanafunzi huyo anaweza kutoka hapo akiamini kwamba wazungumzaji wa lugha hii hawana subira. Amejifunza utamaduni ambao haupo! Ndiyo maana mimi hutaja jina kwanza, kisha swali, kisha husubiri hata pale ninapoona nimesubiri mno.

Utamaduni wenyewe sipendi kuufundisha kwa slaidi za mavazi na sherehe. Njia ninayoiamini ilianzia chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1997, katika mradi wa Cultura. Wamarekani waliokuwa wakijifunza Kifaransa na Wafaransa waliokuwa wakijifunza Kiingereza walijaza dodoso za maswali yaleyale, kila upande kwa lugha yake. Kwa mfano: ungefanya nini ukimwona mama akimzaba mwanawe kofi dukani? Majibu yaliwekwa sambamba, wakayasoma, wakaulizana sababu.

Hiyo ruhusa ya kuandika kwa lugha yako ndiyo kiini cha yote. Anayejifunza bado hana maneno ya kueleza jambo zito katika lugha ngeni. Ukimlazimisha, mtu mzima mwenye fikra pevu ataandika kama mtoto wa darasa la kwanza. Akiandika kwa lugha yake, mawazo yake yanafika mazima, na mwenzake wa ng'ambo anapata maandishi halisi ya kujifunzia. Tena kwenye maandishi hakuna anayekimbizwa na ucheleweshaji wa sauti.

Kipindi cha video hukiweka baada ya hapo, kila mwanafunzi akiwa tayari ana swali analotaka kweli kumuuliza mwenzake.