Tochi, mteremko na zile sekunde 54

Shemeji yangu anaendesha semi, Dar kwenda Tunduma, huu mwaka wake wa kumi na moja. Juzi nilipanda naye kutoka Makambako kurudi nyumbani Mbalizi, na kabla hatujafika Igawa alikuwa ameshawashiwa taa mara tatu na malori ya upande wa pili. Akiwashiwa, mguu unatoka kwenye mafuta. Tukishawapita trafiki, mguu unarudi. "Shemeji," akaniambia, "wewe ndiye msomi wa barabara. Hizi tochi za trafiki za kupimia mwendo zinazuia ajali, au zinakusanya faini za elfu thelathini thelathini tu?"

Kazi yangu ni usalama barabarani, na swali hilo nimeshaulizwa hadi msibani. Kwamba mwendo unaua, sibishani na mtu. Tochi ndiyo yenye mjadala.

Chukua Igurusi, pale kwenye meza za mchele. Ukiwa na 50, kila sekunde unakula mita 14 za lami. Mtoto akikatiza, sekunde moja na nusu hupita kabla mguu haujagusa breki: mita 21 hizo zimekwenda. Gari dogo lenye breki nzima, lami kavu, linataka nyingine 14 ndipo lisimame. Jumla 35. Sasa njoo na 80. Mguu unapogusa breki umeshamaliza mita 33. Yaani pale ambapo mwenye 50 ameshasimama na anashusha kioo atukane, wewe breki ndiyo kwanza zinaanza kushika, na mtoto unamgonga ukiwa na karibu 78. Nguvu ya kugonga nayo hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo 80 inagonga kwa nguvu mara mbili na nusu ya 50. Hapo nimesema gari dogo. Semi iliyoshiba mzigo inataka mita nyingi zaidi.

Na umeokoa nini? Kijiji cha kilomita 2 ukikipita na 50 ni dakika 2 na sekunde 24. Ukikipita na 80 ni dakika moja na nusu. Sekunde 54. Foleni ya mizani inazimeza kabla hujazima injini.

Mtafiti wa Sweden, Göran Nilsson, alituachia kanuni ambayo watu wa fani yangu bado wanaitumia: wastani wa mwendo barabarani ukipanda kwa asilimia 1, ajali za vifo hupanda kwa takriban asilimia 4. Neno la kushika hapo ni wastani. Tochi haipimi wastani. Inapima pale ulipomulikwa tu, na shemeji, kwa msaada wa zile taa, pale huwa mpole kama bwana harusi. Kilomita mbili mbele amerudi alivyokuwa.

Niwatetee trafiki kidogo. Tochi inataka kuliona gari moja kwa moja, na ukiipiga kwa pembe inasoma mwendo pungufu (ndiyo, pembe humpendelea dereva). Kwenye kona haifai. Ndiyo maana utaikuta kwenye tambarare iliyonyooka, ambako wewe unajiona hujafanya kosa lolote. Lakini kibao cha 50 ambacho kijiji kilishaisha na hakuna kibao cha kukifuta, hicho sikitetei. Dereva akishaona kibao kimoja kinamdanganya, haviamini vyote.

Wenzetu wa Ufaransa walianza kufunga kamera zinazojiendesha zenyewe mwaka 2003. Mwaka 2002 barabara zao zilikuwa zimeua watu zaidi ya 7,000. Kufikia 2006 walikuwa chini ya 5,000. Pombe na mikanda nayo ilibanwa, kwa hiyo sifa zote si za kamera. Lakini kamera haiendi kunywa chai, na faini inakufuata nyumbani kwa barua. Hapa kwetu kinachokaribia hapo ni VTS, kifaa cha kufuatilia magari cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu) kwenye mabasi, inayopeleka taarifa ya mwendo njia nzima. Hapo huna mahali pa kuifidia spidi. Ndiyo maana kuna wanaoichezea.

Halafu kuna milima yetu, na huko tochi haina la kusema. Semi ya tani 50 ikishuka kimo cha mita 100 inatoa nishati ya kuchemsha madumu saba ya maji, yale ya lita 20. Joto hilo usipoiachia injini ilibebe kwa gia ndogo, unalipeleka kwenye breki. Breki zikichemka hazishiki, na dereva aliyetoa gia ili kuokoa mafuta hana tena pa kujishikia. Gia hiyo unaiingiza kabla ya mteremko. Ukishaanza kushuka kwa kasi, semi inaweza kuikataa.

Juu ya Iwambi, kabla barabara haijainama kwenda Mbalizi, shemeji alirudisha gia, akarudisha tena. Injini ikaguna, tukashuka na 25. Noah moja nyuma yetu ikapiga honi weee, tukaiacha ipige.

"Mbona hapa hukimbii?" nikamuuliza. "Trafiki hayupo."

"Hapa?" Hakugeuza shingo. "Hapa nimeshawahi kuona breki zangu zinatoa moshi, shemeji."