Unyeti wa spika ya gari: maana ya desibeli zinazoandikwa kwa herufi ndogo

Mtu anayebadilisha spika za gari kwa mara ya kwanza huingia dukani na swali moja tu: hizi zina wati ngapi? Muuzaji humgeuzia boksi lililoandikwa 300W kwa tarakimu kubwa za rangi, na biashara huishia hapo. Nyuma ya boksi hilo hilo, chini ya vipimo vya inchi na kina cha kupachikia, kuna namba nyingine iliyochapwa kwa herufi ndogo, kwa mfano 90 dB kwa 1 W/1 m. Huo ndio unyeti wa spika. Kwa mtu atakayebaki na redio peke yake, bila kuongeza amplifaya (kifaa cha kukuza nguvu ya sauti), namba hiyo ndiyo itakayoamua kama fedha yake imekwenda vizuri au amefunga spika mpya zinazosikika chini kuliko zile za karatasi alizozing'oa.

Unyeti ni kipimo cha sauti inayotolewa na spika ikipewa umeme wa kiasi kinachojulikana. Spika hupelekewa wati 1, maikrofoni ya kupimia huwekwa mbele yake umbali wa mita 1, na sauti inayofika pale husomwa kwa desibeli, ndizo hizo dB za kwenye boksi. Kwa maneno mepesi, ni wepesi wa spika kuitika. Spika iliyosoma 92 haimaanishi kwamba ina sauti tamu kuliko iliyosoma 86, wala kwamba ni imara zaidi. Inamaanisha kwamba inahitaji msukumo mdogo zaidi ili ifikie sauti ile ile. Wati zilizoandikwa kwenye boksi zinaeleza jambo jingine kabisa, yaani umeme ambao spika inaweza kuuvumilia kabla ya kuungua, na hata hapo ile 300 kwa kawaida ni ya kilele cha muda mfupi sana, ilhali kiasi inachoweza kubeba mfululizo, kinachoandikwa RMS, mara nyingi hakifiki hata theluthi yake. Anayeuliza wati na kuishia hapo ni sawa na mnunuzi wa gari anayeuliza ukubwa wa tangi la mafuta na asiulize lita moja inakwenda kilomita ngapi.

Ugumu wa dhana hii uko kwenye desibeli zenyewe, kwa sababu hazihesabiwi kama shilingi. Tofauti ya 92 na 86 inaonekana ndogo machoni, lakini kila desibeli 3 unazotaka kuongeza zinadai umeme mara mbili ya uliokuwapo, na desibeli 10 zinadai umeme mara kumi, ilhali sikio la binadamu husikia ongezeko hilo la 10 kama sauti iliyokua takribani mara mbili tu. Kwa hiyo spika ya 86 iko nyuma ya spika ya 92 kwa desibeli 6, yaani umeme mara mbili ya mara mbili, ambayo ni mara nne: ili zilingane, ile ya kwanza ipewe wati 80 pale ambapo ya pili imepewa 20. Swali linalofuata ni je, wati hizo 80 zitatoka wapi?

Haziwezi kutoka kwenye redio ya gari, na hesabu yake si ngumu. Injini ikiwa inaunguruma, umeme wa gari dogo huwa kwenye volti 14.4 hivi. Amplifaya ndogo iliyo ndani ya redio hufanya kazi kwa volti hizo hizo, na wimbi la sauti linalofika kilele cha volti 14.4 lina nguvu halisi ya kama volti 10. Zidisha 10 kwa 10, gawanya kwa 4 ambazo ndizo omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) za spika nyingi za magari, unapata wati 25. Huo ni ukomo wa kwenye karatasi. Ukitoa upotevu wa ndani ya redio yenyewe, sauti safi isiyokwaruza hubaki kati ya wati 15 na 20 kwa kila spika. Ile 50W x 4 iliyochapwa kwenye uso wa redio ni ya kilele, na hupimwa sauti ikiwa imeshaharibika. Wengi wetu tulioagiza magari yaliyotumika Japani tulibadilisha redio mapema, kwa kuwa redio nyingi za kule zilitengenezwa kupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Lakini redio mpya haiondoi kikwazo hiki, maana volti za gari ni zile zile. Amplifaya ya pembeni ndiyo inayokivuka, kwa sababu ina saketi ya kupandisha volti kabla ya kuzitumia.

Watu hushangaa wanapong'oa spika ya kiwandani. Ni kitu chepesi mkononi, koni (ile sehemu inayotikisika kutoa sauti) ya karatasi, sumaku ndogo kama kifuniko cha chupa ya chai, fremu ya plastiki. Inaonekana duni, na kwa mambo mengi ni duni kweli. Hata hivyo wepesi huo una sababu: waliobuni gari walijua kwamba redio itatoa wati chache, wakachagua koni nyepesi ambayo umeme mdogo unaweza kuitikisa. Spika nyingi za kuuzwa peke yake, hasa zile zinazosifiwa kwa besi, zina koni nzito na mpira mnene ukingoni, ili ziweze kwenda mbele na nyuma kwa kina kirefu zikisukumwa na amplifaya kubwa. Ukizifunga kwenye redio tupu zinakuwa kama lori lililofungiwa injini ya pikipiki. Wala hakuna mtengenezaji anayeweza kukupa vyote, kwa sababu besi ya chini kabisa, umbo dogo na unyeti mkubwa ni mambo matatu ambayo fizikia huruhusu uchukue mawili na kuliacha la tatu. Inasaidia pia kujua kwamba hata spika nzuri ya 92 dB hugeuza takribani asilimia 1 tu ya umeme kuwa sauti. Asilimia 99 zilizobaki huishia kuwa joto kwenye koili yake, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni.

Kuna mtego mmoja katika namba hii ambao ni vyema anayeanza akaujua. Baadhi ya watengenezaji hawaandiki 1 W, bali huandika 2.83 V. Volti hizo zilichaguliwa zamani kwa sababu ya spika za nyumbani za omu 8, ambako hutoa wati 1 kamili. Kwenye spika ya gari ya omu 4 volti hizo hizo hutoa wati 2, na wati mbili ni nyongeza ya desibeli 3 ambayo spika haikuifanyia kazi. Kwa hiyo 92 kwa 2.83 V ni 89 kwa wati 1, na spika iliyoandikwa 90 kwa 1 W inaishinda ingawa kwenye rafu inaonekana ya chini. Mtego huo ukiwa na spika ya omu 3 au 2 huzidi, na hapo kuna la kuangalia zaidi ya desibeli, kwa sababu omu zikipungua redio hulazimika kutoa mkondo mkubwa zaidi, na nyingi zimeandikwa wazi kwamba zisipewe chini ya 4. Kabla ya kununua, pima spika ya zamani kwa maltimita (kifaa cha kupimia umeme) ikiwa imechomolewa. Ya omu 4 husoma pungufu kidogo, kama 3.2 hadi 3.8, na hiyo si dalili ya ubovu.

Namba iliyopimwa maabara huishia kwenye mlango wa gari, pale spika inapofungwa. Spika za kwanza nilizobadilisha mwenyewe zilikuwa za 91 dB, nami nilikuwa nimezisoma vizuri, lakini nilipowasha redio besi ilikuwa imetoweka kabisa, sauti imebaki ya juu juu kama ya simu. Nilikuwa nimegeuza nyaya za mlango mmoja, chanya ikaingia kwenye hasi, kwa hiyo koni moja ilipokuwa ikienda mbele mwenzake alirudi nyuma, na mawimbi marefu ya besi yakawa yanafutana ndani ya gari. Kupima upande wa nyaya hakuhitaji kifaa cha gharama: chukua betri ya volti 1.5, ile ya saa ya ukutani, uiguse kwa sekunde moja kwenye ncha za spika, na uangalie koni. Ikiruka kwenda nje, ncha iliyoguswa na chanya ya betri ndiyo chanya ya spika. Kosa la pili lilikuwa pengo. Spika ya kiwandani huja na fremu yake iliyofinyangwa kuziba tundu la mlango, ilhali spika mpya ya mviringo huhitaji ringi ya kuishikilia, na mimi niliifunga kwa skrubu mbili juu ya ringi iliyopinda. Upenyo wa unene wa kadibodi ulitosha kuruhusu hewa ya nyuma ya koni izunguke na kuifuta ile ya mbele. Ukanda wa sponji ulirudisha besi kuliko ambavyo desibeli mbili za ziada zingefanya. Plastiki nyembamba iliyobandikwa ndani ya mlango nayo usiichane na kuiacha, kwa sababu ndiyo inayozuia maji ya dirishani yasifike kwenye kava ya mlango.

Kwa gari lisilo na amplifaya, mimi hutafuta 90 dB kwenda juu zilizopimwa kwa wati 1, pamoja na RMS ya wati 40 au 50 ambayo redio haitaifikia kamwe. Ukishaongeza amplifaya ya wati 75 kwa kila spika, unyeti hurudi kuwa kigezo cha kawaida miongoni mwa vingine, na ile 87 yenye koni nzito inaweza kuwa ndiyo chaguo bora. Kama fedha inatosha jozi moja tu, anza na milango ya mbele. Spika za mbele zikiwa za 92 na za nyuma zikabaki za 88, redio itazipa zote umeme sawa lakini za nyuma zitasikika kwa mbali. Hilo hurekebishwa kwenye mpangilio wa redio unaogawa sauti mbele na nyuma, kwa kupunguza za mbele hatua moja moja hadi abiria wa siti ya nyuma aseme anasikia mashairi.