Kipima mwanga kikisoma 28, uliza 28 za nini

Fundi umeme mmoja alituletea maabara kipima mwanga akiamini kimeharibika. Alikuwa ameitwa kwenye karakana ya ushonaji, akakiweka juu ya meza ya cherehani, kikasoma 28. Kwenye karatasi yake akaandika "luksi 28", luksi ikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia mahali, kisha akamshauri mwenye karakana aongeze taa. Mama mwenye karakana akamshangaa: vijana wake wanatunga uzi kwenye sindano bila kukaza macho, giza liko wapi?

Nilikipokea, nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni mwa kioo kulikuwa na herufi mbili ndogo: fc, kifupi cha Kiingereza cha futi-mshumaa, kipimo kingine cha mwanga. Kifaa kilikuwa kizima. Kitufe kiliguswa, kifaa kikahamia kwenye futi-mshumaa, na meza ile ilikuwa inapata luksi 301.

Makosa ya namna hii nayaona mara nyingi, na yanagharimu watu fedha. Vipima mwanga vingi vinavyouzwa vina vipimo vyote viwili, na Marekani futi-mshumaa bado inatumika kila siku, kwa hiyo haitatoweka kwenye vitabu na vifaa tunavyoagiza.

Futi-mshumaa moja ni mwangaza unaoangukia kitu kilicho umbali wa futi moja kutoka kwenye mshumaa mmoja wa kipimo. Luksi ni wazo lilelile, ila umbali ni mita moja. Mwanga hutawanyika kadiri unavyokwenda: umbali ukiongezeka mara mbili, kinachofika ni robo. Mita moja ina futi 3.2808, zidisha namba hiyo kwa yenyewe, unapata 10.764. Basi futi-mshumaa zizidishe kwa 10.764 upate luksi. Ukirudi nyuma, gawanya. Mafundi wengi huzidisha kwa 10 tu. Kwa kukisia ukiwa juu ya ngazi, sawa. Kwenye ripoti ya ukaguzi, hapana, kwa sababu unapunja karibu asilimia 7. Kiwango cha Ulaya kinataka luksi 500 kwenye meza ya kusomea na kuandikia ofisini, yaani futi-mshumaa 46.5, wala si 50.

Na mshumaa wenyewe ulikuwa upi? Hapa ndipo penye mzizi wa mkanganyiko. Sheria ya gesi ya London ya mwaka 1860 ilitaja mshumaa wa nta ya kichwa cha nyangumi, wenye uzito wa sehemu moja ya sita ya ratli, unaoungua gramu 7.8 hivi kwa saa. Wafaransa walikuwa na taa yao ya mafuta ya mbegu, Carcel, yenye nguvu ya karibu mishumaa kumi. Wajerumani walishika taa ya Hefner, ambayo ulimi wake wa moto ulipaswa kusimama milimita 40 kamili. Hiyo ni 0.9 hivi ya kandela, kipimo cha leo cha ukali wa mwanga. Mwaka 1909 Uingereza, Ufaransa na Marekani zilikubaliana mshumaa mmoja wa kimataifa, Ujerumani ikabaki na Hefner. Mwaka 1948 ikaidhinishwa kandela, ikitegemea mwanga wa tanuri lililo kwenye joto la platini inapoganda: sentimita moja ya mraba ilihesabiwa kuwa kandela 60. Kwa mshumaa wa kimataifa, mwanga huohuo ulikuwa umepimwa kuwa karibu 59. Ndiyo maana mshumaa wa kimataifa umeizidi kandela kwa takriban asilimia 2, na ukikuta jedwali linalosema kinyume chake, liweke kando.

Tochi zinazotangazwa kuwa na "mishumaa milioni moja" zinahitaji tahadhari zaidi, maana watu huuliza ni lumeni ngapi, na swali hilo halijibiki kwa kuzidisha tu. Mishumaa, au kandela, ni ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja. Lumeni ni mwanga wote uliotoka kwenye taa. Kandela milioni moja ndani ya mwale wenye upana wa nyuzi 4 ni lumeni 3,800 hivi. Kandela hizohizo milioni moja ndani ya mwale wa nyuzi 2, lumeni hazifiki 1,000. Bila kujua upana wa mwale huna cha kubadilisha, na muuzaji asiyeutaja hajakuambia tochi inatoa mwanga kiasi gani.

Kuna kipimo kingine cha zamani ambacho mgonjwa anaweza kukutana nacho leo: apostilbi, kwenye mashine za kupima upeo wa kuona katika kliniki za macho. Yenyewe hupima mng'ao wa uso wa kitu, si mwanga unaouangukia. Igawanye kwa 3.1416 upate kandela kwa mita ya mraba. Ukuta wa ndani wa bakuli la mashine hiyo kwa kawaida huwashwa kwa apostilbi 31.5, ukigawanya unapata 10, na hapo namba ile ya ajabu inaeleweka.

Yule fundi nilimwomba karatasi yake. Hatukufuta 28. Mbele ya namba hiyo tuliandika "futi-mshumaa", chini yake "luksi 301", na tarehe ya kipimo. Kisha akampigia simu mwenye karakana kumwambia asinunue taa.